Tunguu ya Mama Mwenye Nyumba

Mama mwenye nyumba wangu wa Garissa alikuwa mtu wa kuminya. Nyanya za sokoni aliziminya mpaka wauzaji wakampigia kelele. Watoto wa wapangaji aliwaminya nyayo. Mimi mwenyewe, mtu mzima na muuguzi wa serikali, aliniminya mkono juu ya kiwiko kila niliporudi kutoka likizo kwetu Voi, kisha akatoa hukumu kwa Kiswahili chake cha Kisomali, ambacho p huwa b: "Laini. Huko kwenu nakula nini, Sista? Uji tubu?" Akigundua kwamba nimekaza msuli ili nifaulu, alinipiga kibao cha mzaha begani na kuniambia kwamba wezi wote hukaza hivyo hivyo.

Nilipanga chumba kwake karibu muda wote niliofanya kazi mjini humo, katika miaka ya tisini, na kwa kipindi kirefu nilimwogopa. Wapangaji sote tulimwogopa. Alikuwa mrefu, mkavu, hatembei bila bunda la funguo, na ukizisikia zile funguo zikilia uani unajikuta unatazama kama umefagia. Sheria zake zilikuwa nyingi. Pipa la maji lifunikwe. Redio izimwe adhana ikianza. Nguo zisianikwe mbele ya milango. Kilichotutisha hasa ni kwamba yeye mwenyewe alizifuata. Siku moja alisahau, akaanika shuka zake kwenye kamba ya mbele. Mama Mwende, mpangaji wa chumba cha jirani yangu, Mkamba ambaye ulimi wake haukumwogopa mtu, akamwuliza kwa upole kama siku hizi inaruhusiwa. Mama mwenye nyumba akaitazama kamba. Akazianua shuka zikichuruzika maji, akazitupia begani na kuzipeleka uani nyuma huku gauni lake lote likilowa. Hakujitetea hata kwa neno moja. Nimeikumbuka siku ile mara nyingi kwa sababu ya yaliyokuja kutokea baadaye.

Basi mwanamke huyo huyo ndiye mtu mwoga kuliko wote niliopata kuwajua. Hakuogopa chifu wala nyoka, na niliwahi kumwona akimfukuza mlevi kwa ufagio. Aliogopa barabara. Mwanawe wa pekee, Yakub, aliendesha lori la mizigo kati ya Garissa, Wajir na Mandera, na miaka ile barabara hiyo haikuwa ya mchezo. Malori yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na bado tulisikia mambo. Majambazi walitokea vichakani, wakapiga magurudumu, kisha wakawapiga watu. Lori likichelewa hapakuwa na njia ya kujua kama ni pancha au ni mazishi, kwa kuwa habari ilikuja na lori linalofuata, na linalofuata nalo lilikuwa limechelewa.

Mimi nilikuwa sehemu ya woga wake bila kutaka. Majeruhi wa barabarani waliletwa kasualti kwetu, na mama huyo alijua kwamba kama kuna la kujulikana, mimi nitalijua kabla yake. Nikitoka zamu alikuwa ameketi langoni juu ya kigoda, anautazama uso wangu tangu nilipopinda kona ya duka la mafuta ya taa. Haulizi kitu. Anasoma tu. Nilijifunza kuuweka uso sawasawa kabla ya kufika pale konani, hata siku ambayo sikuona jeraha lolote kubwa kuliko jino bovu, kwa sababu niliwahi kupinda kona nikiwa nimekunja uso kwa jua tu, nikamkuta ameshika ukuta. Nami nikaambukizwa. Kila gari la polisi lilipoingia hospitali kwa kasi, jambo la kwanza nililofanya, kabla ya glavu, ni kutazama kama aliyelala nyuma ni Yakub.

Tangi la kioo lililetwa na Yakub. Alilipata Hagadera, kwa mgeni mmoja aliyefanya kazi katika kambi ya wakimbizi na sasa alikuwa anarudi kwao. Mgeni huyo alikuwa akifugia samaki, samaki wakafa kwa joto, akamwachia dereva tangi kama shukrani ya kumbebea masanduku. Yakub alilisafirisha limeviringishwa kwenye magodoro, akaliweka sebuleni kwa mama yake karibu na dirisha la upande wa kivuli. Mama aliliona kama upuuzi. Maji ya kunywa tunayapanga foleni, eti mengine yakae ndani ya kioo yatazamwe!

Safari iliyofuata Yakub akaja na kitu ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Lori lilikuwa limemharibikia karibu na Griftu, kando ya bwawa la mvua lililokauka kitambo, na katika kusubiri vipuri aliwaona wafugaji wakichimbua tunguu, kama vitunguu vidogo, kutoka tope lililopasuka. Walimwambia kwamba bwawa likijaa, tunguu hizo hutoa majani marefu ndani ya maji, na maji yakikauka hulala ardhini hata misimu mingi, zinangoja. Ya kwake ilikuwa ndogo, ya kahawia, na vimizizi vilivyokauka chini. Mbele yangu walizungumza Kiswahili ili nami nisiachwe nje.

"Hooyo," Yakub akamwambia mama yake, "hii ni mimi. Mimi nakwenda safari, wewe angalia hii. Kama iko sawa, mimi niko sawa. Wacha kukaa langoni na kutisha Sista."

Alikuwa anatania. Kijana alitaka tu mama yake apate kitu cha kushughulisha mikono. Nilicheka, na mama naye alicheka kidogo, lakini nilimwona akiupokea ule mkebe kwa mikono miwili.

Mwanzo aliiua nusu. Aliipanda kama kitunguu cha kupikia, chini kabisa ya mchanga, na baada ya siku chache shingo yake ikaanza kunuka. Yakub alipofika alimfokea, jambo ambalo hakuna mwingine angethubutu. "Kichwa kibaki nje, Hooyo! Mchanga ifunike mizizi, kichwa ibumue." Akaikata sehemu iliyooza kwa wembe, akaipandikiza tena, kisha akaushika mkono wa mama yake na kumwekea tunguu kiganjani. "Minya. Unaona? Ngumu. Ngumu ni hai. Ikiwa laini, hiyo imekufa, wewe tuba." Hapo ndipo kuminya kulipoanza. Nyanya, nyayo za watoto na mkono wangu vilifuata baadaye.

Alijifunza kazi ile kwa makosa, na makosa yake yalikuwa ya mtu wa huko. Maji yetu yalitoka mto Tana kwa mkokoteni wa punda, yana rangi ya chai ya maziwa, na kila nyumba iliyatia shabu ili tope lishuke. Akayatia tangini maji ya shabu, meupe, mazuri, na majani mapya yakageuka manjano. Akaacha shabu, akawa anayaacha maji yatulie yenyewe mtungini siku nzima kabla ya kuyamimina. Akajaribu mbolea ya mbuzi. Tangi likawa kijani kizito mpaka ukaona tu kivuli cha mmea, na nyumba nzima ikanuka zizi. Mchana joto lilipozidi alilizungushia tangi gunia lililoloweshwa, kisha akatumbukiza kiwiko, kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto, na asiporidhika aliongeza maji ya mtungini taratibu. Kila Ijumaa alitoa jagi moja la maji ya zamani akatia jagi moja la mapya. Ya zamani aliyapeleka kwenye mhina wake. Majani yaliyochoka aliyakata kwa kucha chini kabisa.

Na tunguu ikamlipa. Majani yalitoka membamba, marefu, yamejikunja pembezoni, yakapanda mpaka juu na kulala chali juu ya maji. Msimu mmoja ikaja na ua, kijiti kilichochomoza hewani na kugawanyika ncha mbili zenye vijiua vyeupe. Alituita wapangaji wote tuje tulione, tukavua viatu mlangoni, tukasimama kimya kama tumeitwa kuona mtoto mchanga. Mama Mwende alinong'ona kwamba anaogopa kupiga chafya.

Lakini woga wake haukupungua, ulihama tu. Zamani alikaa langoni akiusoma uso wangu. Sasa alikaa mbele ya kioo akisoma majani, kisha akaja langoni pia. Jani likipata doa, haendi sokoni. Nilimkuta siku moja amepiga magoti pale, tasbihi mkononi, midomo inatetemeka, kwa sababu konokono mmoja alikuwa ametoboa jani. Nikamwambia kwa upole kwamba ni konokono tu.

"Mimi si mjinga, Sista," akasema. "Mimi naswali. Maalim wa madrasa alisema hii ni kama shirki, mimi nasema ndiyo, kweli. Hii ni majani tu. Najua."

"Basi mbona unatetemeka?"

"Kichwa najua," akasema. Akajigusa chini ya mbavu. "Tumbo hajui."

Tumbo langu nalo lilikuwa halijui mambo mengi ambayo kichwa changu kilisomea.

Ukame wa kwanza tangu tunguu ije ndio uliotutia adabu. Yakub alikuwa amekwenda Mandera na msafara ukapitiliza siku zake. Katika siku hizo hizo majani yakaanza kufa. Halikufa moja, yalikufa yote pamoja, kutoka nje kwenda ndani, yakalegea na kuyeyuka majini. Hakuna jipya lililochipua. Mama mwenye nyumba akafunga pazia la sebule, akaacha kula. Funguo zake hazikulia uani, na amini usiamini, ukimya ule ulitutisha kuliko funguo. Kazini nilikuwa nikikimbilia kila gari. Nilijua mimea hufa kwa sababu za mimea, na bado usiku nililala nikiyaona yale majani.

Yakub aliingia asubuhi moja, mwekundu wa vumbi kuanzia kope hadi vidole, gia za lori zikiwa ndizo zilizomkwamisha El Wak. Alimkuta mama yake amelala ameelekea ukutani. Alipoambiwa ni nini, alicheka mpaka akakaa chini. Akatumbukiza mkono tangini, akaichomoa tunguu iliyo uchi, akamtilia kiganjani.

"Minya."

Akaminya.

"Ngumu ama laini?"

"Ngumu," mama akasema.

"Hii nalala tu, Hooyo. Kwao sasa hakuna mvua, na yeye najua. Wacha ilale. Ikimaliza majani yenyewe, toa maji, weka kwa mchanga ya baridi, ngoja mvua. Lakini sikia. Kama majani bado ni mabichi, usikaushe. Itashtuka. Hata mtu huwezi kumtoa kwa chakula akiwa katikati."

Mama alilishika neno hilo kama sharti la sala. Tunguu ililala, ikaamka mvua za vuli zilipokuja, na tangu hapo alijua msimu wake kuliko alivyojua wa mbuzi wake waliokuwa malishoni kwa ndugu. Hata katika kulala huko alifanya kituko. Tangi lilipokuwa tupu, aliona aibu kulirudishia maji hivi hivi, akalisafisha kama wanavyosafisha vyombo vya maziwa kwao: alichoma vijiti vya mti wenye harufu, akavitia ndani vikiwa vinafuka, akafunika kwa ubao mpaka kioo chote kikashika moshi. Maji yaliporudi yalikuwa na utando wa mafuta meusi juu na harufu ya nyama choma. Mama mwenye nyumba alisimama kando yake akijivuna: "Sasa iko safi. Maziwa inakaa hapa siku tatu haiharibiki." Yakub alisugua tangi lile kwa mchanga wa mto jioni nzima, akicheka peke yake.

Hiyo ndiyo sauti yake ninayoikumbuka zaidi, kicheko kile juu ya tangi.

Kisha zikaja mvua kubwa, zile ambazo kila mtu wa kaskazini mashariki anazijua bila kuulizwa mwaka. Ilinyesha kama haijui kuacha. Tana ukapanda, mashamba ya kando ya mto yakaondoka, barabara zikakatika kila upande, na lori la Yakub likawa limekwama mahali fulani kati ya Habaswein na Wajir. Nilitarajia mama mwenye nyumba apatwe na kichaa. La hasha, alitulia. Majani ya tunguu yalikuwa mengi na ya kijani kuliko wakati wowote. Tena majambazi, alinieleza, hawafanyi kazi matopeni. Miaka yote aliogopa risasi. Maji hakuyaogopa, kwa sababu mtu aliyekulia kwenye foleni ya kisima atayaogopaje maji?

Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Nyuma ya mvua ulikuja ugonjwa. Mifugo iliharibu mimba na kufa kwa makundi, kisha watu wakaanza kuja hospitali na homa, na baadhi yao walitoka damu puani na kwenye fizi mpaka wakafa mbele yetu. Mwanzo hatukujua ni nini. Nilinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Baadaye tukaambiwa unatoka kwa mifugo na kwa mbu, na bwana afya akapita mitaani na kipaza sauti: msichinje mnyama mgonjwa, mwageni maji yote yaliyosimama.

Mama mwenye nyumba aliitikia kama kawaida yake. Alipita chumba kwa chumba na funguo zake. Mapipa yalifunikwa kwa kitambaa na kufungwa kamba, makopo yakapinduliwa, magurudumu ya zamani yakatobolewa. Mwende, mtoto wa Mama Mwende, alikuwa na homa tangu jana yake. Ilikuja kuonekana ni malaria ya kawaida, lakini asubuhi ile hakuna aliyejua, na mama yake alikuwa amemshika kifuani macho yamemtoka. Alipoambiwa amwage beseni lake la kufulia, alilimwaga. Kisha akauliza, wala si kwa ukali:

"Na lile lako la ndani, Mama?"

Nilikuwepo mlangoni, najiandaa kwenda zamu. Mama mwenye nyumba aliingia sebuleni, nasi tukamfuata bila kukaribishwa. Akainama, akatazama maji kwa ubavu, pale juu, katikati ya majani. Vilikuwemo. Vijidudu vya mbu, vinajinyonga na kuzama, vinajinyonga na kupanda. Alivitazama, akamtazama mtoto, na mimi nikajua atafanya nini kwa sababu nilikuwa nimeziona zile shuka.

Aliyateka maji kwa jagi lile lile la Ijumaa, jagi baada ya jagi, mpaka yakaisha. Majani yalianguka juu ya mchanga yakiwa mabichi, yanang'aa. Akatandaza kitambaa juu ya tangi. Mikono ilikuwa imelowa mpaka viwiko, na nilimsikia akisema kitu kwa Kisomali, taratibu, kuielekea tunguu. Nilielewa neno moja tu, la kuomba msamaha. Ilikuwa Alhamisi.

Baada ya hapo hakukaa tena mbele ya tangi. Alikaa langoni, mvua au jua, na mimi nilipinda ile kona nikiwa na uso uliopangwa vizuri juu ya hofu tupu. Wagonjwa walikuwa wengi kiasi kwamba sikuwa na nafasi ya kukimbilia magari, na magari yenyewe hayakuja. Barabara ilipofunguka kidogo, alikuja mtu kwa miguu. Alikuwa utingo wa Yakub, sauti imekauka, amevaa shati la kuazima. Alimkuta mama langoni, na mimi nikiwa natoka. Akasema yote amesimama. Walingoja siku nyingi kwenye ukingo wa laga, mto wa msimu, maji yakapungua, wakajaribu kuvuka. Injini ikazima katikati. Wimbi likaja kutoka juu, mvua iliyonyesha mbali ambayo hawakuiona. Yeye alishika mti. Yakub alipatikana kesho yake huko chini, na watu wa pale wakamwosha, wakamswalia, wakamzika palepale.

Mama mwenye nyumba hakulia. Aliuliza swali moja.

"Siku gani?"

"Alhamisi, hooyo. Wiki tatu sasa, asubuhi."

Akageuza kichwa, akatazama dirisha la sebule. Nilihesabu nyuma, nikaelewa: ilikuwa asubuhi ile ile ya jagi. Nilitaka kumwambia kwamba haiwezekani, kwamba mvua ya milimani haijui jagi la mtu wa Garissa. Nilimwambia, siku ile na siku nyingine. Maalim alimwambia. Mama Mwende alipiga magoti akamwambia huku akilia kwa sababu swali lilikuwa lake. Alitusikiliza sote kwa adabu. Akasema ndiyo, kila kitu ni kwa kadari ya Mungu. Lakini tangu siku ile hakuwahi kumwita mwanawe marehemu. Alisema "Yakub", au hakusema kitu, na mtu mwingine akisema marehemu alinyanyuka akaenda kukagua mapipa. Na tangi halikuguswa. Kitambaa kilibaki juu yake, na mvua nyingine zikaja zikapita, naye hakutia hata tone.

Nilijua kwa nini. Tunguu ilikuwa mle mchangani, ama ngumu ama laini. Kama imekuwa laini, basi siku ile aliua, na tumbo lake lisingesikia tena neno la maalim wala la mtu yeyote. Ilimradi hakuminya, kesi haikuwa imeamuliwa. Alilala na kesi hiyo chumba cha pili, na akaacha kabisa kuminya watu. Nilipoaga kwenda likizo mkono wangu haukuminywa, wala niliporudi.

Nilihamishwa kwenda pwani kabla mwaka haujaisha. Nilirudi Garissa mara moja tu, mwishoni mwa miaka ile ya tisini, kwa mafunzo mafupi ya wauguzi, na kwa siku mbili za kwanza sikwenda kumwona. Niliogopa. Siku ya tatu nilipinda kona ya duka la mafuta ya taa mchana kweupe, nikagundua kwamba bila kufikiri nilikuwa nimeuweka uso sawa.

Alikuwa langoni. Amekonda, amepunguka hata urefu, funguo ziko mapajani. Tulisalimiana kwa muda mrefu kama inavyotakiwa, nyumbani vipi, wazee vipi, joto vipi, alhamdulillahi. Mama Mwende alikuwa amehamia Machakos. Mwende anasoma. Chai ikaja, nikanywa. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Sista, wewe mkono yako nashika watu wamekufa, nashika watu wako hai. Hauogobi."

"Naogopa, Mama. Kila siku."

"Lakini unashika."

"Ndiyo."

"Basi njoo ushike ile."

Sebule ilikuwa na giza la pazia. Aliondoa kitambaa mwenyewe, kisha akarudi nyuma hadi ukutani, mkono umeshika ukuta kama siku ile niliyokunja uso kwa jua. Mchanga ulikuwa mkavu, na mabaki ya majani yamegandamana juu yake, meusi. Nikapiga magoti. Nilitaka tunguu iwe ngumu kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote kwa ajili ya mgonjwa yeyote, kisha wazo likanijia: na kama ni ngumu, je, atasema Yakub yu hai? Ataanza tena kukaa langoni akingoja lori? Sikujua lipi baya zaidi. Vidole vilikuwa vimeshaingia mchangani.

Niliigusa. Ilikuwa imesinyaa, ndogo kuliko nilivyoikumbuka, na mizizi ya zamani imeizunguka. Sikuitoa. Niliishika kwa vidole viwili na kuminya kidogo, kisha nikaminya kwa nguvu zangu zote. Nilisikia anavyopumua pale ukutani. Nikajua anausoma uso wangu, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimeupanga.

"Ngumu," nikasema.

"Minya tena."

"Nimeminya, Mama. Ni ngumu."

Alikuja, akapiga magoti kando yangu, magoti yakalia. Akanyoosha kiganja. Nikaitoa mchangani, nikamwekea. Alifumba macho, akafunga ngumi taratibu, akaminya, akaminya tena.

"Yeye amekufa," akasema hatimaye, "na hii haikufa."

"Ndiyo, Mama."

"Basi sio mimi."

"Sio wewe."

"Ni kitunguu tu," akasema. Na hapo akalia, kwa sauti, kinywa wazi, huku akiwa ameibana ile tunguu kifuani, na mimi nikamshika mabega. Alilia mpaka majirani wakaja kusimama mlangoni wakiuliza kuna msiba gani. Niliwaambia ni wa siku nyingi.

Alipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya shungi, akaniminya mkono juu ya kiwiko, akaguna. Akaniagiza maji mtungini, yale yaliyotulia, yasiyo na shabu. Nikaleta jagi. Nikachimba kishimo mchangani, nikaitia tunguu, nikaanza kuifukia, naye akanipiga kibao kwenye mkono.

"Wewe naua!" akasema. "Kichwa ibaki nje ya mchanga. Marehemu alisema hifyo."